Askofu si Kila Mhubiri

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, huenda kosa hili si geni kwako. Nilikuwa nikisahihisha majibu ya kidato cha nne katika shule moja huku Kibirichia, wakati Mstahiki Meya, tamthilia ya Timothy Arege iliyotoka mwaka wa 2009, ilipokuwa ikitahiniwa. Swali lilihusu unafiki katika jamii. Mwanafunzi mmoja, tena mwenye Kiswahili cha kupendeza, akaandika kwamba "askofu" anamwombea Meya kwa ajili ya malipo. Nikapiga mstari mwekundu chini ya neno hilo. Alipopokea karatasi yake alinijia akauliza: "Mwalimu, si wote ni viongozi wa kanisa?"

Swali lake lina uzito kuliko lilivyosikika. Katika tamthilia hiyo mhusika anaitwa Mhubiri, basi. Hakupewa jina la mtu wala cheo cha kanisa lolote. Mhubiri ni nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi hubiri, kama vile msomi na soma. Inatuambia anachokifanya mtu, haituambii nani aliyemtuma. Yeyote anayesimama sokoni na kupaza sauti ni mhubiri. Askofu sivyo. Nyuma ya askofu pana jimbo au dayosisi, pana utaratibu wa kumteua au kumchagua, na pana watu wanaoweza kumwita na kumuuliza.

Tulitazame neno lenyewe. Askofu lilitujia kupitia Kiarabu, usquf, ambacho nacho kililipata katika Kigiriki, episkopos, yaani mwangalizi. Fungua Biblia ya Union Version ya mwaka wa 1952. Katika Timotheo wa Kwanza, sura ya 3, utakuta "askofu". Katika Matendo ya Mitume 20:28 utakuta "waangalizi". Neno la Kigiriki ni lile lile moja. Watafsiri walitumia la kukopa mahali pamoja, na mahali pengine wakatumia lililoundwa kwa kitenzi cha Kibantu. Kwa hiyo askofu, kwa asili yake, ni jina la kazi ya kuangalia wengine, ingawa siku hizi tunalisikia kama jina la kofia na fimbo.

Hapa kwetu maana hiyo ya uangalizi haikukaa kanisani pekee. David Gitari alikuwa askofu wa Kianglikana wa Mount Kenya East tangu mwaka wa 1975, dayosisi iliyojumuisha Embu na Meru. Alipopinga hadharani kura ya mlolongo, watu hawakumsikia kama mhubiri mmoja mwenye maoni yake. Walimsikia askofu. Nyumba yake ilivamiwa usiku mwezi wa Aprili mwaka wa 1989. Tangu miaka hiyo, Mkenya akisoma "askofu" katika hadithi, hutarajia mtu anayeweza kuikabili serikali, au anayepaswa kuikabili na akanyamaza.

Sasa rudi kwa mwanafunzi wangu. Alipomgeuza Mhubiri kuwa askofu, alimbebesha mwandishi shtaka ambalo hakulitoa. Arege anamkejeli mtu anayefanya biashara kwa maombi. Mwanafunzi akalishtaki kanisa zima, pamoja na ngazi zake. Hilo si kosa la msamiati tu. Ni kosa la uhakiki, kwa kuwa maudhui yamebadilika.

Ugumu wa mtahiniwa wa Meru naufahamu. Katika dawati moja hukaa Mkatoliki, Mmethodisti na Mpresbiteri. Wawili wa kwanza wana maaskofu, ila utaratibu wa kuwapata si mmoja: askofu wa Kikatoliki huteuliwa na Papa. Mpresbiteri hana askofu kabisa. Kiongozi wake wa juu ni moderata, mchungaji anayechaguliwa kwa muhula, kisha hubaki mchungaji kama wenzake. Ukiandika "askofu wa PCEA" umekosea, hata kama nia yako ilikuwa heshima. Isitoshe, wapo waanzilishi wa makanisa madogo wanaojipa cheo hicho wenyewe, na mtoto anayekua akiwasikia hao ataona askofu na mhubiri ni mamoja. (Mwandishi akitaka kumchora mtu wa namna hiyo, atamwita askofu kwa makusudi, na hapo kejeli itakuwa katika cheo chenyewe.)

Kuhusu kadinali nitasema machache. Asili yake ni Kilatini, cardo, yaani bawaba ya mlango. John Njue, mwana wa Embu, alifanywa kadinali mwaka wa 2007. Kadinali hutajwa kwa Mwadhama, askofu kwa Mhashamu au Baba Askofu. Mstahiki ilikuwa ya meya, na meya wenyewe waliondoka na mabaraza ya miji mwaka wa 2013.

Kwa upande wa sarufi, wingi ni maaskofu, ngeli ya A-WA: maaskofu wamefika, si yamefika.

Mwanafunzi wangu nilimwachia alama ya hoja ya malipo. Ya maelezo sikumpa, naye hakuridhika. Jaribu kulipeleka swali lake darasani kwako: kama Arege angemwita mhusika huyu Askofu, ni mambo gani mengine katika tamthilia yangelazimika kubadilika?