Kobaye wa mbegu: namna ya kumtambua, kumchagua na kumzalisha

Tangu vilima vya Lubero hadi Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, kobaye, ambaye wengine humwita simbilisi, hukaa jikoni na watu. Hagombanii nafaka na wenye nyumba, samadi yake hustawisha kabichi na puaro, na familia inayorudi shambani baada ya kukimbia vita inaweza kuanza tena ufugaji kwa dume mmoja na majike wawili waliobebwa ndani ya kikapu. Mnyama wa thamani namna hii anastahili kuchaguliwa kwa makini, na hapo ndipo tunapokosea.

Noeli ikikaribia, au Bonane, yaani Mwaka Mpya, tunachinja nani? Yule mkubwa. Anayebaki kuzaa ni yule aliyeonekana hafai kuchinjwa. Mwaka ujao tunarudia, na ujao tena, huku ndugu na dada wakizaliana chini ya meza. Halafu tunalalamika kwamba mbegu ya siku hizi ni ndogo. Mbegu hiyo tumeitengeneza wenyewe, kwa kula walio bora na kuzalisha mabaki.

Peru, nchi ambako kobaye amefugwa kwa maelfu ya miaka, walifanya kinyume. Watafiti wa INIA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, waliwapima kobaye wa vijijini na kuwaacha wazae wale waliokua upesi, kizazi baada ya kizazi. Wakapata mbegu waliyoiita Perú, yenye rangi nyekundu na nyeupe, ambayo hufikia karibu kilo 1 ikiwa na wiki 8 hivi. Nyingine, Andina, ni nyeupe na ilichaguliwa kwa wingi wa watoto. Kazi hiyo ilitegemea mizani na daftari, na vyote viwili vinapatikana Butembo.

Mwili

Usinunue kobaye ambaye hujamshika. Weka mkono mmoja chini ya kifua, wa pili ubebe makalio, kisha usikilize uzito. Kobaye mzuri ni mzito kuliko macho yalivyokuambia. Pitisha kidole gumba juu ya uti wa mgongo: mifupa isikike chini ya nyama, lakini isikuchome. Wafugaji wa Andes hutofautisha maumbo mawili. La kwanza ni la mwili mrefu wa pembe nne, mgongo mpana, kichwa kifupi na pua ya mviringo. Huyu ni mtulivu na hugeuza majani kuwa nyama. La pili ni la mwili mwembamba na pua iliyochongoka; huyu hurukaruka, hukimbia kila kivuli, na hukua polepole. Jikoni kwetu wa pili ndiye aliyejaa. Mtafute wa kwanza.

Sasa funua midomo. Meno ya mbele yawe yamenyooka na ya juu yakutane na ya chini. Meno ya kobaye hukua maisha yake yote na husagika kwa kutafuna, kwa hiyo yakipishana hurefuka hadi mnyama akonde mbele ya majani tele. Kidevu kilicholowa mate ni dalili ya tatizo hilo. Huyo asizae, maana kasoro hiyo inaweza kurithiwa.

Papasa chini ya taya na shingoni. Uvimbe mgumu mara nyingi ni jipu linaloambukiza, na mmoja anaweza kukuharibia kibanda kizima. Pua na macho viwe vikavu, pumzi isiwe na kelele. Panua manyoya nyuma ya masikio utafute chawa na magamba. Mwisho hesabu vidole: vinne kila mguu wa mbele, vitatu kila mguu wa nyuma. Kidole cha ziada si ugonjwa, lakini hurithiwa. Ukikuta nyumba ambayo wengi wanacho, kuna uwezekano mkubwa kwamba wote ni wa damu moja, na hapo usichukue jike pamoja na dume.

Manyoya

Ulaya kobaye hushindanishwa kwa uzuri. Yule wanayemwita Abyssinian hutakiwa awe na vizingo visivyopungua 8 vya manyoya, vilivyopangika sawasawa mgongoni, nyongani na makalioni. Peruvian husifiwa kwa manyoya marefu yanayoburuta. Kwa ufugaji wetu, katika moshi na unyevu wa jikoni, chagua manyoya mafupi yaliyolala. Ni rahisi kuyakagua na hayashiki uchafu.

Rangi haibadilishi nyama, lakini moja inadai tahadhari: kobaye mweusi au mwekundu mwenye nywele nyeupe zilizochanganyika na za rangi yake mgongoni, kama majivu yaliyonyunyizwa juu ya kaniki. Ni mzuri na ni mzima. Lakini ukimpandisha na mwenzake wa rangi hiyo, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne atazaliwa mweupe, mwenye macho madogo yasiyoona na meno mabovu, na kwa kawaida hufa mapema. Watu husingizia uchawi au majani mabaya, kumbe ni damu. Mwenye majivu aoane na asiye nayo.

Mama

Sokoni mnyama huonyeshwa bila historia yake. Ndiyo maana mnunuzi mjuzi huenda nyumbani kwa mfugaji na kuuliza: “Mama, huyu alizaa wangapi, na wangapi walifika kuachishwa ziwa?” Jibu la pili ndilo la maana. Kobaye ana chuchu mbili tu. Jike anayezaa watatu na kuwakuza wote watatu ni bora kuliko anayezaa watano na kuzika watatu. Watazame watoto wenyewe: mtoto mzima huzaliwa na manyoya, macho wazi, na baada ya siku moja au mbili huanza kuguguna majani pembeni ya mama.

Jihadhari na jike mkubwa, mnene, ambaye hajawahi kuzaa. Anavutia, lakini ni mtego. Jike asipozaa kabla ya miezi 6 au 7, mifupa ya nyonga hukazana, na uzazi wa kwanza unaweza kumuua pamoja na watoto. Mpandishe akiwa na miezi 3 hivi, mwili ukiwa umeshajaa. Mimba huchukua siku 68 hivi.

Dume na damu

Dume mmoja anatosha majike 7 hadi 10. Madume wawili wakubwa ndani ya boma moja watapigana. Mtafute dume kilima kingine, kwa mtu ambaye hamjawahi kubadilishana wanyama, na umchague kwa uzito wake na kwa sifa za mama yake. Watoto waachishwe ziwa wakiwa na wiki 3, na siku hiyohiyo madume watengwe na majike. Ukichelewa wiki chache, dada watabeba mimba za kaka zao na mabinti za baba yao. Kazi hii haiwezekani sakafuni. Unahitaji masanduku ya mbao yaliyoinuliwa kutoka kwenye baridi ya ardhi. Butembo, kwenye mita 1,700 hivi, usiku si wa mchezo. Beni kuna joto zaidi, hivyo weka kivuli na hewa.

Jike hupata joto tena saa chache baada ya kuzaa. Dume akiwepo, atashika mimba nyingine huku akinyonyesha. Aliye na mwili anaweza, aliyekonda mpumzishe.

Lishe isikudanganye

Hata mbegu bora hudhoofika kwa njaa. Kobaye, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C, hivyo anahitaji majani mabichi kila siku. Majani ya viazi vitamu ni mazuri. Yaliyolowa umande yanyaushe kwanza, yasimvimbishe tumbo. Majani ya viazi ulaya, ya nyanya na ya avoka ni sumu kwake.

Daftari

Kwa kila mzao andika mama, baba, tarehe, idadi ya waliozaliwa, waliofika wiki 3, na uzito wao kwenye wiki ya 8. Hiyo ndiyo nasaba ya kobaye wako, na mnunuzi anayejua kazi atailipia. Kisha, kabla ya Noeli, pima wote. Wazito kuliko wote, waliotoka kwa mama wakuzaji, wabaki kuzaa. Sufuria ipewe wanaofuata.

Jike aliyezaliwa Januari anaweza kuwa bibi kabla mwaka haujaisha. Mbuzi na ng'ombe wa nyumbani kwetu hawamlipi mchaguzi upesi hivyo.