Askari wa Shaba na Jina la Mpagazi

Katika njia panda ya Barabara ya Samora, mjini Dar es Salaam, pana sanamu ya askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Mchongaji wake ni Mwingereza James Alexander Stevenson, nayo iliwekwa kuwa ukumbusho wa Waafrika waliotumikia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya 1914–1918. Aghalabu hutajwa kama alama ya katikati ya mji. Ni nadra kupimwa kama kazi ya sanaa.

Kwa ufundi, kazi ni nzuri. Askari hakusimamishwa wima kama mtu wa gwaride. Ameinama mbele, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Jiwe lisingelibeba umbo hili kwa urahisi, kwani singe nyembamba iliyotokeza hewani ingekatika upesi. Shaba iliyomiminwa katika kalibu huistahimili. Tena, kwa kuwa sanamu haina ukuta nyuma yake, mwenye kuizunguka kwa miguu huliona umbo likigeuka kwa kila hatua.

Thamani yake huongezeka ikikumbukwa sanamu iliyoitangulia. Zama za Wajerumani mji ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, na chini yake aliwekwa askari wa Kiafrika akimwinulia macho. Ikaondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916; baadaye ikasimamishwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Katika kazi ya Stevenson askari yuko juu peke yake, pasipo bwana. Hilo si jambo dogo, ingawa aliyempandisha naye alikuwa mtawala.

Kasoro iko kwingine. Maandishi ya ukumbusho, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Humo wapagazi wanaitwa miguu na mikono ya jeshi. Sifa hiyo inawapunguza, kwa kuwa imewapa viungo vya kazi ikawanyima kichwa. Na juu ya jiwe mpagazi hayupo, ilhali wapagazi waliokufa, wengi wao kwa maradhi, waliwazidi mno askari waliouawa. Umbo kuu, basi, wamepewa wachache. Ukumbusho wa Nairobi, wa mchongaji huyohuyo, uliozinduliwa mwaka 1928, una haki zaidi: una watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi.

Hata hivyo, Dar es Salaam ina ukumbusho mwingine wa wapagazi, nao umo katika lugha. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi hapo wakati wa vita. Waliolitohoa walifuata sikio, si maandishi: p na s, ambazo Mwingereza huziandika asizitamke, hazimo, r ya mwisho imetoweka, neno limeishia kwa irabu, na mkazo uko katika silabi ya pili kutoka mwisho. Nairobi husema Kariokor, na konsonanti imebaki mwishoni. Hivyo mji uliompa mpagazi mwili wa shaba umebaki na jina lenye ugeni, na mji uliomnyima mwili huo umelifanya jina lake kuwa Kiswahili kamili.

Lakini jina likiisha kuwa la wenyeji, asili yake husahauliwa. Atajaye Kariakoo leo hutaja soko na mitaa yake, mpagazi hamkumbuki. Kwa hiyo si vyema kudhani kwamba lugha imelipa deni ambalo shaba haikulipa. Sanamu ya mpagazi ingali inahitajiwa, na mahali pake si kando ya askari, bali ni Kariakoo yenyewe, ambako jina limekwisha kumtangulia. Mzigo uwe kichwani pake, na maandishi yaeleze asili ya jina kwa Kiswahili ambacho kila apitaye sokoni atakisoma.