Sifa za Fundo: Ufundi wa Batiki ya Kufunga

Katika miji ya Tanzania, batiki ni jina la vitambaa vya aina mbili: vile ambavyo michoro yake hukingwa kwa nta iliyoyeyushwa, na vile ambavyo hukunjwa, hufungwa kwa uzi au kamba, kisha huchovywa katika rangi. Aina hii ya pili, ambayo hufanyika uani kwa beseni, ndoo na jiko la mkaa, mara nyingi huhesabiwa kuwa kazi nyepesi ya kujipatia kipato, ilhali inamdai fundi maarifa mengi yasiyoonekana katika kitambaa kilichokwisha kupigwa pasi.

Maarifa hayo huanzia kwenye kitambaa chenyewe, kwani pamba mpya, hata ikiwa safi machoni, haina budi kufuliwa kwa maji ya moto na sabuni ili wanga uliopakwa kiwandani utoke, la sivyo rangi hushika kwa mabaka. Kisha hufuata ufungaji, ambao ndio roho ya kazi yote. Fundi anapokaza uzi huamua mahali ambapo rangi haitafika: punje ya mahindi iliyofungiwa ndani huacha pete, mikunjo ya mfululizo iliyobanwa kwa kamba huacha mistari, na mshono mpana ambao uzi wake huvutwa hadi kitambaa kijikunyate huacha karibu umbo lolote ambalo mkono umeweza kulishona. Fundo likilegea, rangi hupenya na pete hufifia. Hivyo fundi hulazimika kufikiri kinyume, tena katika tabaka kadhaa za mikunjo kwa wakati mmoja, bila mchoro wa kumwongoza. Na uwezo huo wa akili unastahili heshima ile ile apewayo mchoraji.

Rangi inayotumiwa sana ni ya unga usioyeyuka katika maji matupu. Ili iyeyuke, hutiwa katika maji ya moto pamoja na kostiki soda, ambayo ni magadi makali yenye kuunguza ngozi na kula sufuria za alumini, na haidrosalfaiti, chumvi inayoibadili rangi kikemikali. Ikiisha kuyeyuka, rangi huingia ndani ya nyuzi za pamba. Kitambaa kikitolewa na kutandazwa hewani, oksijeni huibadili tena, nayo hurejea katika hali yake ya kutoyeyuka ikiwa imenaswa humo humo, na ndiyo sababu batiki iliyotengenezwa vyema haichuji upesi. Kanuni hii ni kongwe mno, kwa kuwa ndiyo inayotawala nili, rangi ya buluu itokanayo na mimea, na pamba iliyotiwa nili miaka ipatayo 6,000 iliyopita imepatikana Huaca Prieta nchini Peru. Indanthroni, rangi ya viwandani ya jamii hiyo, iligunduliwa mwaka 1901 na René Bohn, mkemia wa kampuni ya BASF ya Ujerumani.

Kitambaa cha rangi mbili hufungwa upya baada ya mchovyo wa kwanza, na hapo fundi huanza na rangi hafifu, kwa kuwa buluu juu ya manjano huzaa kijani, lakini manjano juu ya buluu iliyokolea hupotea. Weupe anaoutaka ubaki hana budi kuufunga tangu mwanzo na kutoulegeza hadi mchovyo wa mwisho.