Sifa ya Ukuta Uliotulia

Wapo wanaoamini kwamba kupaka sebule rangi ya krimu, ya maziwa au ya kijivu hafifu ni kukwepa kuchagua: mwenye nyumba kashindwa kuamua, fundi kamalizia kopo lililokuwepo. Mimi nashikilia kinyume chake. Rangi kali hujitangaza yenyewe. Nyekundu ni nyekundu asubuhi hadi usiku. Rangi tulivu ndiyo inayomdai fundi ujuzi wote, maana sura yake inategemea mwanga, na mwanga haukai hali moja kutwa.

Ushahidi bora uko Lamu, katika nyumba za mawe za karne ya 18. Mwanga wake huingilia kiwandani, kwenye ua ulio wazi, kisha vyumba hufuatana kwenda nyuma: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani, kila kimoja kina giza zaidi kuliko kilichotangulia. Ni vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko zinazobeba dari zina kikomo cha urefu. Mwashi hakuwa na madirisha ya kutegemea. Alikuwa na chokaa. Matumbawe yalichomwa kwenye tanuri la magogo, chokaa ikazimwa kwa maji, ikaachwa ikalainika, ndipo ikapanda ukutani. Na huko ndani, ambako mwanga hufika umeshachoka, ndiko alikojaza zidaka, yaani mashubaka ya ukutani, safu juu ya safu, kingo zake zimechongwa kwenye plasta. Kitazame kidaka kimoja kwa karibu. Chokaa ni ileile moja, lakini chini ya ukingo wa juu pana kahawia, pembeni pameingia kijivu, na sakafu yake ndogo inang'aa kama mfupa uliooshwa. Nakshi yote imechorwa kwa kivuli. Paka buluu iliyokolea hapo, na nusu ya kazi ya mchongaji imezama.

Fundi wa leo ana ndoo ya rangi ya maji badala ya tanuri, ila mtihani ni uleule. Katika nyeupe hutia tone la manjano ya udongo, pengine na chembe ya nyeusi kuikata makali, akijua kwamba tone moja la ziada litaonekana ukuta mzima. Kadi ya dukani haimsaidii sana: kipande cha ukubwa wa kidole hakina kuta nyingine za kukirudishia rangi yake, ilhali ndani ya chumba kuta nne humulikiana na rangi hukolea. Ua wa udongo mwekundu hupandisha wekundu hadi darini. Mwembe ulio dirishani huleta ukijani. Hata ule ushauri wa vitabu vya Ulaya, kwamba chumba cha kaskazini ni baridi na cha kusini kina joto, haufai Mombasa wala Dar es Salaam, ambako jua la adhuhuri hupita kaskazini sehemu ya mwaka na kusini sehemu nyingine. Kwetu kinachotofautisha vyumba ni mashariki na magharibi. Usiku nao una taa zake: taa ya LED ya kelvini 2700 huifanya krimu kuwa samli, ya 6500 huifanya ionekane mgonjwa.

Watasema rangi hizi huchafuka. Kweli, na mafundi wamelijibu hilo zamani kwa kupaka rangi ya mafuta iliyokolea kidogo hadi usawa wa kiuno, sehemu inayofutika kwa kitambaa. Watasema zinafanana na wodi. Hapo kosa ni la nyeupe tupu chini ya taa ya buluu, si la utulivu. Hoja nzito zaidi ni kwamba watu wa pwani tunapenda rangi. Naam, tunazipenda, na tunazo tayari: kanga, mikeka ya ukindu, mapazia, vyombo vya kabatini. Ukuta unaoshindana navyo unavipunguzia thamani.

Basi kabla hujanunua ndoo, mlipe fundi siku moja ya majaribio. Apake ubao wa mita moja kwa mita moja, uuhamishe ukuta hadi ukuta, uutazame asubuhi, alasiri, na usiku chini ya taa utakayoitumia. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kupaka nyumba mara mbili.