Brashi ya Nywele za Namna Mbili

Kuhakiki si kazi ya vitabu na mashairi peke yake. Kitu chochote kilichotengenezwa na mkono wa binadamu ili kimfae binadamu mwenzake kinaweza kuulizwa maswali yale yale tunayoviuliza vitabu: kimekusudia nini, kimefaulu kwa kiasi gani, na je, kinasema kweli? Katika chuo cha ualimu mwanachuo alifundisha somo mbele ya wenzake, kisha sote tukaketi kulihakiki. Utaratibu ulikuwa mmoja siku zote: kwanza mazuri, halafu kasoro, mwisho ushauri. Mimi nimestaafu, lakini utaratibu huo haujastaafu. Leo nautumia kuhakiki brashi ya kunyolea ndevu, tena ya aina moja tu: ile iliyochanganywa nywele za melesi na nywele za nguruwe.

Najua wapo watakaocheka. Tuliobaki na brashi ni wachache. Vijana hunyoa kwa mashine ya umeme, au kwa povu la kopo. Lakini mtu anyoaye kila asubuhi hukutana na brashi yake zaidi ya mara mia tatu kwa mwaka, tena uso kwa uso. Ni vitabu vingapi tunavyovifungua mara nyingi kiasi hicho?

Tuanze kwa kuwajua wanyama wenyewe. Melesi ni mnyama wa Ulaya na Asia, mwenye milia usoni, hodari wa kuchimba mashimo. Wengine humwita nyegere, lakini nyegere wetu, yule mla asali asiyeogopa nyuki, ni ndugu yake wa mbali tu. Nywele za melesi huchongoka nchani na kuwa nyembamba sana. Zina ncha nyeupe, kisha mkanda mweusi, kisha weupe tena kuelekea shinani. Zenyewe hazinywi maji mengi, bali huyashika katika nafasi zilizo baina ya unywele na unywele, na kuyaachia polepole wakati wa kukoroga sabuni. Ndiyo maana brashi ya melesi haihitaji kulowekwa muda mrefu, na huwa laini tangu siku ya kwanza. Bei yake ndiyo isiyo laini.

Nywele za nguruwe ni kinyume chake. Ni nene shinani, hupungua unene kuelekea nchani, na zikiwa mpya hazina tofauti kubwa na brashi ya viatu. Lakini hizi hunywa maji na kulainika. Na kadiri zinavyotumika, ncha zake hupasuka zikawa nyuzi mbili tatu ndogo ndogo. Kupasuka huko kwa nywele za kichwani ni uharibifu, lakini kwa brashi ndiko kukomaa. Shina hubaki gumu, lenye nguvu ya kuchota sabuni, na ncha huwa laini za kugusa shavu. Huko ndiko kuizoeza brashi.

Mtengenezaji anayechanganya nywele hizi mbili amekusudia jambo la maana. Anataka ulaini wa melesi na nguvu ya nguruwe katika mpini mmoja, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Nchini Italia, kiwanda cha Omega cha mjini Bologna, kilichoanza mwaka 1931 na kinachojulikana zaidi kwa brashi za nguruwe, hutengeneza pia za mchanganyiko. Yangu si ya kwao, wala mtengenezaji wake sitamtaja, kwa kuwa nakusudia kuihakiki aina nzima na si kumwaibisha mtu.

Sasa mazuri yake. Niliizoeza brashi hii kwa wiki tatu, nikiandika katika daftari kama nilivyozoea kuandika maendeleo ya wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Siku ya kwanza ilinuka kama mbuzi aliyenyeshewa, ikapukutisha nywele tisa, na povu lake lilikuwa jembamba, likatoweka kabla sijafika shavu la pili. Siku ya saba harufu ilikuwa imekwisha, na unywele uliotoka ulikuwa mmoja tu. Siku ya kumi na mbili povu lilinitosha uso mzima, lakini nilipobonyeza kidogo bado nilihisi miiba hapa na pale. Siku ya ishirini povu lilikuwa zito kama maziwa ya mgando, miiba imekwisha, na brashi ilikuwa imefunguka kama ua. Tangu hapo sijaona sababu ya kutamani ghali zaidi. Kwa mtu mwenye ndevu za kujikunja kama zetu, ambazo zikikatwa kavu hurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele, povu zito na maji ya moto kiasi si anasa hata kidogo.

Kasoro ya kwanza imo katika mchanganyiko wenyewe. Nywele za melesi hazina la kujifunza, zimekuja zikijua. Nywele za nguruwe ndizo zilizo shuleni. Basi mnunuzi akiigusa brashi dukani kwa kidole, ncha za melesi humpokea kwa upole, naye hudhani kazi imekwisha. Akifika nyumbani akaibonyeza shavuni, nguruwe humjibu. Wengi huitupa wiki ya kwanza wakisema wamepunjwa. Brashi ya nguruwe mtupu haimfichi mtu jambo hilo: ni ngumu tangu dukani, na mwenye kuinunua anajua kwamba ana mwezi mzima wa kazi mbele yake. Hii ya mchanganyiko huahidi mapema kuliko inavyoweza kutimiza. Nimewahi kuwaona walimu wa namna hiyo. Mwanachuo mwenye sauti nzuri huonekana mwalimu kamili katika somo lake la kwanza, mpaka mwanafunzi mmoja aulize swali. Dawa yake si kumfukuza, bali kumpa muhula. Lakini ni lazima mkaguzi ajue kwamba anachokitazama bado kinapikwa.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, na haiponi kwa kuzoezwa. Mwanangu alileta brashi mbili kutoka safarini, moja yangu, moja ya mwenzangu tuliyefundisha pamoja miaka mingi. Mwenzangu huyo ni Mwislamu. Tulizifungua pamoja barazani. Juu ya boksi palikuwa na picha ya melesi na maneno ya kusifu nywele halisi.

"Mwalimu," akaniuliza, "nywele halisi za nani?"

Akavaa miwani, akaligeuza boksi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, palikuwa pametajwa nguruwe.

"Alhamdulillahi ni kavu," akasema, akairudisha ndani taratibu. "Mwambie kijana nimeshukuru, zawadi yake imefika. Lakini hii mwenzangu siwezi."

Hakukasirika. Mimi ndiye niliyekasirika. Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafii, na kwao nguruwe mzima, nywele zake zikiwemo, ni najisi. Mtu kama huyo akiipaka brashi hiyo maji na kuipitisha usoni, kisha akaenda kusali, ametendewa dhuluma na mtu ambaye hata hamjui. Kuna brashi za nyuzi za kutengenezwa kiwandani, zisizo za mnyama yeyote, na ndiyo anayoitumia mwenzangu sasa. Hakuwa na tatizo la kuchagua. Alichohitaji ni kuambiwa, tena kwa herufi za ukubwa ule ule uliotumika kumsifu melesi.

Wala si suala la dini tu. Baadhi ya watengenezaji hutia rangi nywele za nguruwe, wakachora ule mkanda mweusi ili zifanane na melesi. Mchezo huo una historia mbaya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, nywele za farasi zilitiwa rangi na kuuzwa katika brashi zilizoigwa zifanane na za melesi. Vita vilikuwa vimevuruga njia za biashara zilizokuwa zikipitisha nywele hizo mahali pa kusafishwa, na baadhi zilikuwa na vijidudu vya kimeta. Askari wa Uingereza na wa Marekani walipewa brashi hizo, na raia wakazinunua madukani. Wembe ukikwaruza shavu, ugonjwa ulipata mlango. Katika miaka hiyo na michache iliyofuata waliugua zaidi ya watu 200, na baadhi yao walikufa. Siku hizi nywele husafishwa kabla ya kufungwa, na hofu ile haipo tena kama zamani. Hata hivyo, funzo limebaki: anayeficha jina la mnyama huficha pia njia aliyopitia mnyama huyo.

Nafika kwenye ushauri. Mwenye kuinunua brashi ya mchanganyiko aulize kwanza ni nywele za nani, na muuzaji asiyejua aachwe na brashi yake. Akishaipata, aioshe kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu. Maji yanayochemka yasiikaribie, kwani huharibu nywele na gundi inayozishika. Kisha aikoroge katika sabuni mpaka ijae povu, aiache na povu lake usiku mmoja, asubuhi aisuuze, aikung'ute, aiache ikauke mahali penye hewa. Arudie hivyo mara mbili tatu. Baada ya hapo dawa ni kuitumia tu kila siku, akiiloweka dakika tatu au nne kabla ya kunyoa ili upande wa nguruwe unywe maji. Ambaye maji ya kisima chake yana chumvi, akinge ya mvua, sabuni huyapenda. Nywele chache zikitoka wiki ya kwanza asihofu, ila zikiendelea kutoka mwezi mzima, kosa liko kwenye gundi, na hapo subira haina kazi. Tena brashi ni ya mtu mmoja, kama mswaki. Haiazimwi, hata kwa ndugu.

Ningeulizwa alama, kwa kazi yake ningeipa 75 kati ya 100, na ningeiandikia kwamba inaendelea vizuri. Kwa ukweli wa boksi lake nisingeipa kitu. Wahenga walituusia subira, nami nimeihubiri darasani kwa miaka mingi, lakini subira ni haki ya kile kilichojitambulisha. Unywele mgumu, wenye jina lake, nitaungojea wiki tatu bila kinyongo. Anayeniuzia kitu bila kuniambia ni nini, huyo hata asubuhi moja sina ya kumpa.