Tokyo ya Noriko: mji hautembelewi kwa liste

Kila mara mmoja wetu anapoota safari ya Japani, simu inamuletea liste ileile: Asakusa na hekalu la Senso-ji, Shibuya na ile njia panda ya watu mingi, Ginza na maduka yake, Ueno na bustani yake, halafu Tokyo Skytree yenye metre 634. Liste hizo si za uongo. Lakini zinasahau ulizo moja: nani anakutembeza?

Kwa ulizo hilo, filme moja ya mwaka 1953 inajibu kuliko liste zote: Tokyo Monogatari, yaani Hadithi ya Tokyo, ya Yasujiro Ozu. Wazee wawili wanatoka Onomichi, mji mdogo wa bahari, wanapanda treni kwenda kuona watoto wao mjini. Koichi ni daktari, lakini si katikati ya mji. Anakaa pembeni kabisa, na sisi watazamaji kitu cha kwanza tunaona cha Tokyo ni mabomba ya viwanda yakitoa moshi. Dada yake Shige iko na saluni ya nywele. Jumapili ya kutembeza wazee inafika, wamekwisha kuvaa, mgonjwa anaita daktari. Matembezi yamekufa.

Mwishoni nani anawatembeza? Noriko, mjane wa mtoto wao aliyepotea katika vita miaka nane mbele. Anaomba ruhusa kazini siku moja tu. Wanapanda bisi ya watalii, wanapita mbele ya jumba la mfalme, vichwa vya abiria vinatikisika pamoja, kushoto, kuume. Kisha Ginza. Juu ya ngazi ya duka kubwa Noriko anawaonyesha kwa kidole: nyumba ya Koichi iko upande ule, ya Shige upande ule. Halafu anawapeleka kwake, chumba kimoja kidogo, na anaenda kuazima pombe kwa jirani ili mzee apate kunywa.

Hapo njo nguvu ya Ozu. Jumba la mfalme linapita upesi, chumba cha Noriko kinabaki katika kichwa chako wiki nzima. Kamera yake iko chini, karibu na mkeka, kwa kimo cha mtu aliyekaa, na karibu haitembei. Inangojea, kama mzazi.

Baadaye watoto wanachanga pesa na kutuma wazee Atami, kwa maji ya moto. Inaonekana kama zawadi. Kweli ni kuwaondoa nyumbani. Kule kuna kelele usiku kucha, wanarudi mapema, na Shige iko na wageni jioni ile. Basi wazee wanajikuta Ueno, bustani ileile ya liste zetu, wanakaa wakiwaza watalala wapi. Mama anatazama mji na kusema, kwa maana yake, kwamba tukipotezana hapa hatutaonana tena. Ueno ni moja. Mtalii anapiga foto, mzazi anatafuta pa kulala.

Wengine watasema filme inakwenda polepole, inapita saa mbili, na Noriko ni mwema kupita kiasi. Juu ya polepole, ni kweli, uwe na uvumilivu. Juu ya Noriko, ngoja mwisho: yeye mwenyewe anamwambia baba mkwe kwamba si mwema hivyo, kwamba kuna siku hamkumbuki tena mume wake. Hata Shige, anayeomba nguo za marehemu mama kabla machozi hayajakauka, Ozu hamfanyi kuwa shetani. Iko na saluni, wateja, mume. Ni kama sisi. Hilo njo linauma.

Mimi niliangalia filme hii kwa simu, hapa Bukavu. Mwaka uliopita mama alitoka Mwenga na bido ya mawese na mihogo, akakaa kwangu siku tano. Nilikuwa na raporo ya mradi wa kumaliza. Nilimwashia televizio, nikamwambia: «Mama, Jumapili tutashuka kando ya ziwa.» Jumapili ilifika, raporo haikuisha. Jumatatu alipanda gari akinishukuru sana. Shukrani ile njo inanisumbua mpaka leo, kwa sababu wale wazee wa Onomichi nao wanashukuru vilevile, na mama wa filme hafiki mbali baada ya kurudi nyumbani.

Basi, ukipata bahati ya kufika Tokyo, fuata liste yako, panda Skytree. Lakini mbele ya hapo, kama mzazi wako hajaona bado mji unamokaa, omba ruhusa ya siku moja. Wangu amekubali kurudi mwezi wa nane. Safari hii raporo itangoja.