Bahasha za Kawangware

Anayepanda matatu ya namba 46 katikati ya jiji la Nairobi, akapanda Valley Road, akapita Hurlingham na Yaya, kisha akafuata Gitanga Road baina ya kuta ndefu za Lavington zilizolaliwa na maua ya boganvilia, huona kwamba mazungumzo aliyoyaanza na jirani yake hayajafika nusu, nazo kuta zimekwisha, mabati yameanza, naye yumo Kawangware, ambako namba ya gari yenyewe imegeuka kuwa jina la mtaa. Njia hiyo niliifuata karibu kila siku, Julai moja ya baridi, nikifuatana na bibi mmoja kutoka Uingereza, mpiga picha kwa kazi yake, aliyeacha malipo ya kwao kwa wiki sita ili ahudumie bure kikundi cha akina mama wenye chekechea na vyerehani vinne. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Nilikwenda kwa kuombwa, nikiwa na shaka moyoni, maana nimeona kamera nyingi zikiingia katika mitaa ile na picha chache mno zikirudi. Wala sikudhani kwamba ingenipasa siku moja kuketi na kuisifu kazi hiyo.

Kwanza nausifu ustadi wenyewe, kwani nia njema isiyo na ustadi haimfaidi mtu aliyesimama mbele ya lenzi. Nairobi iko karibu na ikweta, mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari, na adhuhuri jua husimama utosini likayajaza macho ya watu vivuli. Na kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera, ambacho hudhani kila kilicho mbele yake kina rangi ya kijivu, kikiona mabati yanayong'aa nyuma ya mama mweusi huupunguza mwanga wote, mabati yakatoka mazuri na uso wa mama ukapotea. Wenye haraka huuacha upotee. Bibi huyu alimwomba mama asogee hadi kizingitini, ndani kidogo ya kivuli, uso ukielekea nje, akaupima mwanga juu ya shavu lake badala ya ukuta, akangoja. Mawingu ya Julai, ambayo sisi tuliozaliwa pwani huyanung'unikia, yeye aliyashukuru, kwa kuwa wingu la Nairobi mwezi ule hutandaza mwanga kama shuka, ukafika chini ya paji, penye mikunjo na penye mboni, ukadhihirisha kwamba weusi wa ngozi ni rangi nyingi zinazokaa pamoja kwa mapatano.

Hata hivyo, aliyenifungulia mlango wa kuielewa kazi hii ni mama muuza mboga mkabala wa chekechea. Nilikuwa nimekwisha kumweleza, "Mama, mgeni huyu anaomba kukupiga picha, ukiridhia, kikundi kitaitumia kuwaombea watoto msaada." Akajifuta mikono kwa leso, akaniuliza, "Ni sawa, mwalimu. Na mimi nitaiona lini?"

Nilifasiri. Mgeni hakujibu papo hapo. Alitoa daftari, akaandika jina la mama, mahali pa kibanda chake na namba ya picha.

Swali lile lilinirudisha Mombasa ya utoto wangu, siku za Idi, tulipovishwa kanzu zilizopigwa pasi tukapelekwa studio, na bwana wa studio, kabla ya kuigusa kamera, akaja kumrekebisha mama ukingo wa buibui na kumgeuza baba kidevu kwa ncha ya kidole, kwa adabu kama mtu anayeshika kikombe cha mwenyewe. Pwani yetu ilikuwa na mabingwa wa kazi hiyo: Ranchhod Oza, aliyeifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na N. V. Parekh wa Mombasa, ambaye watu walimwendea wakiwa wamevaa vile walivyotamani kukumbukwa. Nikiitazama desturi ile leo naona siri yake. Aliyekaa kitini ndiye aliyelipa, basi picha ilitafuta radhi yake. Ilhali picha ya msaada hulipiwa na mtu aliye mbali, asiyemjua mpigwa picha wala asiyeulizwa naye lolote, na kwa hiyo huinama taratibu kuelekea upande wa fedha, hata mtoto aliyecheka asubuhi nzima akachukuliwa katika ile dakika moja aliyoangua kilio.

Sisemi haya kuwavunjia heshima waliotangulia. Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1943, alifika Korem nchini Ethiopia Oktoba 1984, na filamu yake ya njaa ya huko, iliyoonyeshwa na BBC pamoja na taarifa ya mwandishi Michael Buerk, iliwaamsha watu wa mataifa mengi, hata likafanywa lile tamasha la Live Aid tarehe 13 Julai mwaka uliofuata. Na alipokatika mkono katika mripuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991 alirudi kazini na mkono wa bandia, mpaka mauti yalipomkuta mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara ikaanguka bahari ya Komoro. Yeye alionyesha njaa kwa sababu njaa ilikuwapo na dunia ilikuwa imelala. Wengi waliokuja nyuma yake walirithi huzuni ya picha zake bila ya kurithi sababu, wakaitafuta huzuni hata mahali ambapo watu walikuwa wakishona, wakisoma na kulipa kodi ya nyumba. Miongoni mwa wasiofanya hivyo namkumbuka kwa shukrani Lana Wong wa Marekani, ambaye mwaka 1997, pamoja na chama cha michezo cha vijana wa Mathare, aliwapa watoto kamera za plastiki ili waupige picha mtaa wao wenyewe. Kitabu kilichotoka humo kinaitwa *Shootback*.

Kwa kuyapima hayo yote ndipo nilipotambua thamani ya kujitolea, ambayo hapo kabla niliidhania kuwa hisani tu. Asiyelipwa na yeyote hana bwana wa kumridhisha, naye, akitaka, anaweza kumfanya aliye mbele yake kuwa bwana wa picha, kama zamani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu inataka mzazi au mlezi aridhie kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na mgeni aliishika barabara. Lakini idhini ilikuwa mwanzo tu wa deni lake.

Jumamosi ya pili nilimpeleka katika uwanja wa KICC, jumba la mikutano la katikati ya jiji, akawaone wapiga picha wetu wa mjini, wanaompiga mgeni wa mashambani na jumba lile refu nyuma yake, wakamtolea picha palepale na kumkabidhi mkononi. Alisimama nao saa nzima, akiuliza bei ya karatasi na wino. Tangu siku hiyo tulikwenda kila wiki katika duka la kusafisha picha mjini, akalipa kwa fedha yake, akarudi na picha ndani ya bahasha za kaki, kila moja imeandikwa jina.

Tulizigawa Ijumaa ya mwisho. Mama muuza mboga aliipasua yake kwa kisu cha kukatia sukuma, akaitazama hata wateja wawili wakangoja, akasema, "Kumbe nafanana na mama yangu," kisha akairudisha bahashani na kuiweka juu ya rafu, pasipofika maji. Ilibaki moja, ya mlinzi wa usiku aliyepigwa picha akimleta mjukuu wake shuleni. Majirani wakatuambia amehamia Kangemi, karibu na kanisa, hawajui lipi. Safari ya mgeni ilikuwa kesho yake usiku. Asubuhi nilimkuta ametangulia kituoni, bahasha ameishika kwa mikono miwili, akaniuliza magari ya Kangemi husimama wapi. Nikamwonyesha, tukapanda.